Unga Upo Dukani, Python Inasema Haupo

Haya, karibuni tena. Leo tunatafuta neno ndani ya orodha. Python, lugha yetu ya kuandikia programu, mnayo tayari, sikai hapo. Andikeni:

bidhaa = ["Unga wa ngano", "Sukari", "Mchunga", "unga wa sembe", "Mafuta ya alizeti"]

Ni duka ninalolitengenezea programu. Mchunga, ile mboga, kando ya sukari, eeh, mwenyewe anauza chochote. Sasa:

"unga" in bidhaa

Endesha. False, yaani haumo! Wengi huishia hapa wakaitukana Python. Kumbe in ikipewa orodha inatafuta kitu kizima, herufi kwa herufi, na hapa hakuna bidhaa inayoitwa "unga" tu. Lazima tuingie ndani ya kila jina:

[b for b in bidhaa if "unga" in b.lower()]

Hiyo lower... ngoja, uso wangu umeziba mstari. Nasogea. Mnaona sasa? Inashusha herufi kubwa. Bila hiyo, unga wa ngano unapotea kwa ajili ya U moja.

Kabla sijaendesha, taratibu hapa. Kuna find. Msiandike if b.lower().find("unga"). Nasema msiandike! find inarudisha mahali neno linapoanzia, na kuhesabu kunaanzia 0. "Unga wa ngano" inatoa 0, na kwa if, 0 ni sawa na False. Sukari, ambayo haina unga popote, inatoa -1, na -1, kwa kuwa si 0, inapita! Mimi nilishampelekea mteja ripoti ya unga yenye sukari, mchunga na mafuta. Unga wenyewe, hata mfuko mmoja hamna. Alipiga simu akicheka. Mie sikucheka. Ukiing'ang'ania find, malizia na >= 0. Jamani, >= 0. Hata kwenye NumPy, ile maktaba ya Python ya kuchakata namba nyingi kwa pamoja, np.char.find inakupa namba hizohizo, kwa hiyo hukohuko nako >= 0.

Haya, tuendeshe ile yetu. Yamekuja matatu... mchunga umefuata nini? Ah! Mch-unga. Hii sikuipanga, wallahi. Basi ongezeni split():

[b for b in bidhaa if "unga" in b.lower().split()]

Jina linakatwa kuwa orodha ya maneno, na ule ukaidi wa in uliotukera mwanzo sasa unatufaa. Ngano na sembe, basi. Mchunga naupenda, tena wa nazi, ila si kwenye ripoti ya unga.