Betri Isiyosema Kweli

KASSIM: Karibuni. Kabla hatujaanza, mjue nimekatazwa kumuuliza Rehema "habari za leo".

REHEMA: Hujakatazwa. Nimekwambia uniulize swali lenye jibu.

KASSIM: Haya. Jana ulilala saa ngapi?

REHEMA: Saa tano na robo. Umeona? Hilo nimelijibu bila kulitafuta.

KASSIM: Kwa mnaotusikiliza kwa mara ya kwanza: Rehema ana usonji, yaani "autism" kwa Kiingereza, na alikuja kujua akiwa na miaka 31. Mimi sina, ila tumekuwa marafiki tangu shuleni, kwa hiyo nina makosa ya miaka mingi ya kukiri. Leo tunaongelea uchovu.

REHEMA: Na si ule wa kwamba umefanya kazi sana, ukilala unaamka mzima.

KASSIM: Hebu tuanze na vijiko, maana kila anayeongelea kuishiwa nguvu lazima avitaje.

REHEMA: Vijiko ni vya mwaka 2003. Christine Miserandino, Mmarekani mwenye ugonjwa wa lupasi, alikuwa ameketi mezani na rafiki yake, rafiki akamuuliza, hivi kuumwa hivyo kukoje? Akakusanya vijiko vya mezani, akampa 12: hizi ndizo nguvu zako za siku. Kuoga, kijiko. Kuvaa, kijiko. Vikiisha, basi. Sisi wenye usonji tukaupokea mfano ule kwa mikono miwili.

KASSIM: Lakini wewe huupendi.

REHEMA: Ni mzuri wa kuwaeleza watu. Kwangu mwenyewe una kasoro moja: unachukulia kwamba asubuhi ninaviona vijiko vyangu. Sivioni! Mimi ni ile simu yenye betri mbovu. Inaonyesha asilimia 40, unapiga picha moja, imezima.

KASSIM: Halafu ukiichomeka kwenye chaji inawaka na kudai ilikuwa na 38.

REHEMA: Hiyohiyo. Kuna hisi ya kutambua yanayoendelea ndani ya mwili: njaa, kiu, kibofu kujaa, moyo kwenda mbio, misuli kuchoka. Wengi wetu taarifa hizo zinatufikia zimechelewa, au zinakuja zote kwa mkupuo, hujui kama una njaa au una hasira. Sasa mtu akiniambia "ukihisi umechoka, pumzika", ananipa ushauri wa mwenye kipimo kizima.

KASSIM: Naomba usimulie ile ya viatu.

REHEMA: Lazima?

KASSIM: Nami nimo humo, na sikutokea vizuri.

REHEMA: Basi. Nilirudi nyumbani jioni moja, nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni palepale, mgongo mlangoni. Viatu mguuni, mkoba begani. Nilikusudia kukaa dakika moja. Nje kukawa giza, taa sijawasha. Nakumbuka kamba ya mkoba ilikuwa inanikata bega, na nilijua kabisa inanikata, lakini kuinua mkono niivue lilikuwa jambo lenye hatua nyingi mno. Simu ikaanza kuita.

KASSIM: Mimi huyo. Mara nne.

REHEMA: Kila ikiita ilikuwa kama mtu ananipigia sufuria sikioni. Maneno ya kutamka hayakuwepo. Mwishowe nikaandika: "Siwezi kuongea. Sijakasirika."

KASSIM: Na mimi nikajibu, "Kwani nimekufanya nini?"

REHEMA: Ukajibu hivyo, ndiyo.

KASSIM: Aisee. Lakini tuwe wakweli, siku ile hapakuwa na msiba wala ugomvi. Kulikuwa na nini?

REHEMA: Kikao. Muda wa saa moja na nusu, watu sita. Taa moja ya mrija inapepesa, wengine hawaioni, mimi siachi kuiona. Mtu anaongea, na mimi nafanya kazi nne kwa pamoja: nasikiliza maana, napima nimtazame machoni kwa muda gani, naiweka sura yangu iseme "nakufuata", na kuna mguu unataka kutikisika nimeukataza. Huko ndiko tunakoita kuvaa barakoa. Mwaka 2017 Laura Hull na wenzake walichapisha utafiti waliowauliza watu wazima 92 wenye usonji kuhusu kujificha huku, na waliyoyasema baada ya hapo ni kuchoka, kuchoka kabisa.

KASSIM: Ndipo kosa langu la pili linapoingia. Miaka yote, siku ambazo Rehema alicheka panapostahili na kumsalimia kila mtu, mimi ndiye niliyemfuata kumwambia, "Leo umechangamka kweli!"

REHEMA: Na nilikuwa nafurahi. Kumbe ulikuwa unanisomea risiti.

KASSIM: Sasa nikuulize swali la wasikilizaji wenye shaka. Si kila mtu huchoka na vikao?

REHEMA: Kila mtu huchoka. Ila wewe ukitoka kikaoni unaenda dukani, unapika, unanipigia simu mara nne. Mimi nikitoka, duka ndilo linaloniangusha: mwanga, muziki, mashine za kulipia zinalia. Halafu kuna kile kikubwa zaidi, ambacho si uchovu wa siku. Mwaka 2020 Dora Raymaker na wenzake huko Marekani walikieleza vizuri: kuchoka kwa muda mrefu, kwa kawaida miezi mitatu au zaidi, kupoteza uwezo uliokuwa nao, na kelele au mwanga uliouvumilia zamani kuwa hauvumiliki tena.

KASSIM: Hilo la kupoteza uwezo ndilo lilinitisha.

REHEMA: Nilisimama mbele ya mashine ya kufulia niliyoitumia miaka mitano. Nikaangalia vitufe. Nguo ziko mikononi. Sikujua kinachotangulia. Yaani si uvivu, wala si huzuni, hatua zenyewe zilikuwa zimefutika. Nilirudisha nguo kapuni, nikalia kwa ajili ya sabuni.

KASSIM: Tuseme hapa pia: uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo, sonona. Kapime.

REHEMA: Nilipima. Na anayeambiwa ni sonona tu, wakati hamu ya mambo yake anayo ila nguvu hana, aliseme hilo kwa daktari. Linasaidia kutofautisha.

KASSIM: Sasa siku hizi unaishije?

REHEMA: Nimeacha kuuliza mwili, natazama saa na ushahidi. Ushahidi ni mambo yanayoonekana kwa nje kabla sijahisi lolote ndani. La kwanza, bega langu linaanza kugonga fremu za milango. La pili, nasikia jokofu.

KASSIM: Jokofu?

REHEMA: Linaunguruma siku zote. Nikianza kulisikia, nimebakiwa na kidogo. La tatu nililijua kwako.

KASSIM: Anaanza kuongea kama huduma kwa wateja. "Asante sana kwa kunijulisha, Kassim." Nikisikia hivyo, nachukua funguo za gari.

REHEMA: Na huniulizi kama nataka kuondoka, maana swali hilo nalo linagharimu. Tulikubaliana mapema, nikiwa mzima.

KASSIM: Watu husema panga siku yako vizuri, kataa usiyoyaweza.

REHEMA: Ushauri huo unamfaa mwenye siku yake mwenyewe. Mwenye watoto wadogo, au anayefanya kazi za zamu, akatae nini? Mimi nilianza kupunguza pale pasipoonekana na mtu. Kuchagua, kwa mfano. Nina nguo tano zinazofanana za kazini. Asubuhi nakula kilekile. Vizibo vya masikio viko mfuko wa kushoto, kila siku, ili hata kuvitafuta kusiwepo. Kazini niliomba ajenda iandikwe na itumwe kabla ya kikao. Hawakuuliza sababu, na wenzangu watatu walishukuru.

KASSIM: Na kupumzika? Maana nilidhani kupumzika ni kulala.

REHEMA: Kulala kitandani na simu mkononi hakunirudishii kitu. Kinachonirudishia ni ramani za reli. Usicheke.

KASSIM: Sicheki. Nimeshaonyeshwa.

REHEMA: Kuna wazo lililotolewa na Dinah Murray na wenzake, kwamba umakini wa mtu mwenye usonji hukusanyika kwenye mfereji mmoja badala ya kutawanyika kwenye vijito. Ukiwa ndani ya mfereji wako, maji yanakwenda yenyewe. Saa mbili za ramani natoka mwepesi. Kinachoumiza ni kutolewa humo ghafla. Mtu akiniita katikati, si kwamba simpendi. Ni kama gari lililokuwa gia ya tano unaliingiza rivasi.

KASSIM: Mimi nilikuwa nadhani unanipuuza.

REHEMA: Najua. Sasa unabisha hodi, unaondoka, unarudi baada ya dakika kumi. Zile dakika kumi ni zawadi kubwa kuliko maua uliyoniletea wakati ule.

KASSIM: Maua yalikuwa mazuri.

REHEMA: Yalinuka, Kassim. Chumba kizima.

KASSIM: Kuna siku unaamua kutumia nguvu zote kwa makusudi?

REHEMA: Zipo. Harusi yako, kwa mfano. Nilijua itanigharimu siku tatu, nikazitenga mbele kabisa, nikawaambia watu sitapatikana. Nilipumzika pia siku moja kabla, hilo ndilo watu hulisahau. Nilicheza mpaka mwisho. Kukopa kesho si dhambi ukijua umekopa.

KASSIM: Na siku ya pili uliniandikia nukta. Nukta moja tu.

REHEMA: Maana yake niko hai, usipige.

KASSIM: Sikupiga.

REHEMA: Hukupiga.

(Alamu inalia.)

KASSIM: Hiyo ni ya nini?

REHEMA: Maji.

KASSIM: Una kiu?

REHEMA: Sijui. Nitajua nikishakunywa. Nisogezee hiyo glasi.