Chanjo za Paka: Tazama Kwanza Anavyoishi

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Swali ambalo wafugaji wa paka huliuliza sana ni hili: "Wangu hatoki nje kabisa, chanjo ya nini?" Nitaanzia hapo, maana mengine yote yanafuata jibu lake.

Upo ugonjwa uitwao panlukopenia. Virusi vyake hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, yaani za utumbo na za uboho, kule seli nyeupe za damu zinakotengenezwa. Mtoto wa paka hutapika, huharisha, huishiwa maji mwilini, na wakati huohuo askari wake wa damu wamekwisha. Wengi hufa ndani ya siku chache. Virusi hivi vinaweza kukaa nje ya mwili mwaka mzima, kwenye zulia, kikapuni, sakafuni, na husafiri kwa soli ya kiatu. Sabuni haiviui. Vinakufa kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 32, ikae dakika 10 mahali palipokwisha kusafishwa. Kwa hiyo paka hatoki, sawa, lakini wewe unatoka na kurudi.

Ndiyo maana kila paka, popote anapoishi, anahitaji kinga dhidi ya magonjwa matatu yanayowekwa katika sindano moja: panlukopenia, hepesi ya paka na kalisi. Hayo mawili ya mwisho ndiyo mafua ya paka, yenye chafya, macho kutoa matongo na vidonda vya ulimi. Hapa niseme wazi: kwa panlukopenia kinga ni imara sana, kwa mafua, chanjo hupunguza ukali tu. Paka aliyechanjwa akipiga chafya, usikimbilie kusema daktari alimchoma maji.

Sasa ratiba. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na ningeomba tutulie kidogo. Mtoto wa paka hupata kingamwili za mama kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Kingamwili hizo humlinda, lakini pia huizima chanjo kabla haijaufundisha mwili kitu. Hupungua polepole, na kila mtoto kwa kasi yake. Hata ndugu wa uzao mmoja hutofautiana. Kwa macho huwezi kujua zimekwisha lini. Ndiyo sababu tunaanza katika wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudia kila baada ya wiki 3 au 4, mpaka atimize wiki 16 au zaidi. Dozi hizi si za kuongezana nguvu kama matofali ya ukuta. Kila moja ni jaribio la kuukuta mlango ukiwa wazi. Mwenye kuishia wiki ya 12 kwa kuwa "ameshachomwa mara mbili" huenda ana paka asiye na kinga yoyote, na kadi imejaa mihuri. Kisha arudishwe akiwa na miezi 6, ili aliyeponyoka raundi zote anaswe mapema badala ya kungoja mwaka.

Baada ya hapo, paka anayekaa ndani peke yake anatosheka na sindano hiyo kila miaka 3. Anayelazwa kwenye nyumba za kutunzia paka, au anayekutana na paka wageni mara kwa mara, kinga ya mafua irudiwe kila mwaka, ikiwezekana wiki chache kabla ya kumpeleka. Paka mkubwa asiye na kumbukumbu zozote hupewa dozi mbili, wiki 3 hadi 4 kati yake.

Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, hakichagui mbwa. Palipo na ugonjwa huo, au sheria inapotaka, paka achanjwe kuanzia wiki 12, arudiwe baada ya mwaka 1, kisha kila mwaka au kila miaka 3 kulingana na lebo ya chanjo na sheria ya mahali. Hili mimi silijadili sana, kwa sababu dalili zikishatokea, kwa mnyama au binadamu, karibu daima ni kifo.

Lukemia ya paka, ugonjwa wa virusi, ndiyo inayotaka maamuzi. Huenea kwa mate: kulambana, bakuli moja, kuumana. Paka walio chini ya mwaka 1 ndio hushikwa kirahisi zaidi, na ukinzani huongezeka na umri. Ushauri wangu: wote wachanga wapewe dozi mbili na ya kurudia mwaka unaofuata, maana hujui mwezi ujao atakuwa mtembezi au la. Akishakuwa mtu mzima wa ndani, asiyekutana na wengine, unaweza kuacha. Lakini kabla ya kuanza chanjo hii apimwe damu kwanza. Kumchanja aliyekwisha kuambukizwa hakumsaidii.

Chanjo ya klamidia, bakteria wanaoumiza macho, ibaki kwa makazi yenye paka wengi ambako ugonjwa umethibitishwa. Ile ya peritonitisi ya kuambukiza, ugonjwa wa virusi vya korona vya paka, siipendekezi.

Chumbani kwa daktari, tazama. Chanjo nyingi zenye virusi hai ni kijidonge kikavu chini ya chupa, kinachoyeyushwa kwa maji ya chupa ya pili. Kikishayeyuka kitumike mara moja. Dozi haigawanywi nusu kwa sababu paka ni mdogo. Mwenye homa asubiri. Mwenye mimba asipewe virusi hai, kwani vinaweza kuharibu ubongo wa watoto tumboni.

Siku moja au mbili za uchovu ni kawaida. Uso kuvimba, kutapika mfululizo au kupumua kwa shida ni dharura: rudi saa hiyohiyo. Mara chache sana, saratani huota palipochomwa. Kwa hiyo omba sindano iwekwe chini mguuni au mkiani, sehemu inayoweza kukatwa, iandikwe kwenye kadi, nawe upapase kila wiki. Uvimbe ukidumu zaidi ya miezi 3, ukizidi sentimita 2, au ukiendelea kukua mwezi 1 baada ya sindano, achukuliwe kipande cha nyama kipimwe, kabla mtu yeyote hajaukata.