Panya wa Friza: Yeyusha kwa Baridi, Pasha Mwishoni

Haya jamani, mnanisikia mpaka kule nyuma? Sawa. Asanteni kwa kuja, najua wengi wenu mna nyoka nyumbani na wengine ndo mnajipanga kuanza, na leo nimeombwa niongelee kitu kimoja tu, panya wa friza, wale waliogandishwa wa kulishia nyoka, yaani unamtoaje kwenye barafu mpaka anafika mdomoni mwa nyoka bila kumuumiza nyoka na bila kujiletea maradhi wewe na watoto wako.

Naanza na tumbo la panya. Ukimtoa panya mkubwa kwenye friza ukamweka kwenye maji kidogo kisha ukamshika, manyoya yashalainika, mkia unapinda, miguu inacheza, unasema huyu tayari. Sasa mbonyeze kwa vidole viwili, taratibu, hapa chini ya mbavu. Utakuta kitu kigumu ndani kama kokoto. Hiyo ni barafu bado ipo. Tumbo ndo sehemu inayoyeyuka mwisho na ndo sehemu inayooza kwanza, manake utumbo umejaa bakteria toka akiwa hai, kwa hiyo ukiharakisha kwa moto nje inaanza kuharibika huku ndani bado jiwe, na ukimwacha mezani kutwa nzima ili ndani papate kulainika, basi tumbo linapolainika bakteria nao washaamka na wanazaana.

Hili nililijua kwa uchungu. Nyoka wangu wa kwanza alikuwa chatu mdogo, jike, na siku hiyo nilikuwa na haraka, nikamtumbukiza panya kwenye maji ya moto moja kwa moja kutoka kwenye friza, dakika kumi na kitu hivi, nje akawa na joto zuri kabisa. Chatu akampiga, akamviringisha, akammeza, mi nikaenda kulala nimeridhika. Siku ya tatu nafungua kizimba nakutana na harufu ambayo mpaka leo naikumbuka, panya katoka mzima mzima, manyoya yameshikana, tumbo limevimba na limekuwa kijani. Na nyoka kajikunja pembeni, hata ulimi hautoi.

Kutapika kwa nyoka msikuchukulie kama mtoto aliyecheua maziwa. Kinachopanda ni asidi kali, inaunguza koo, na kila kitu mwili wake ulichokusanya kwa ajili ya kumeng'enya kinatoka chote, pamoja na maji. Ukimlisha tena kesho yake kwa huruma anatapika tena na hapo ndo unampoteza. Nilimkalisha siku 14 bila chakula, maji safi tu na joto lake sawasawa, halafu nikaanza na panya mdogo sana kuliko yule wa mwanzo. Alipona, nashukuru. Wachanga mara nyingi hawapati bahati hiyo.

Kwa nini ikatokea vile? Nyoka hana joto la kwake kama sisi, anaazima joto la mahali alipo, na mmeng'enyo wake unaenda kwa kasi ya joto hilo. Sasa ukimwekea donge la barafu katikati ya mwili, pale ndani panapoa, mmeng'enyo unazubaa, halafu panya anaanza kuozea humo humo kabla tumbo halijamfikia. Ni mashindano kati ya kumeng'enya na kuoza, na wewe mlishaji ndo unaamua nani aanze mbele.

Kwa hiyo naomba mzishike hizi kama kazi mbili tofauti. Kuna kuyeyusha, na kuna kupasha. Watu wanazichanganya ziwe moja na shida zote zinaanzia hapo hapo. Kuyeyusha kunafanyika kwa baridi, kupasha kunafanyika mwishoni kabisa, kwa muda mfupi, nyoka ashaanza kutafuta.

Kuyeyusha: panya anaingia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, hewa imetolewa, mfuko unaingia kwenye kontena lenye mfuniko ambalo halitumiki kwa kingine chochote, unaliweka friji, rafu ya chini kabisa ili hata kikivuja kitu kisidondokee chakula chenu. Friji iwe kwenye nyuzi 4 au pungufu. Wale vichanga wasio na manyoya masaa machache yanatosha, panya mdogo aliyekomaa mi namlaza usiku mmoja, na yule mkubwa wa gramu 300 mpe masaa 24 usimwonee huruma. Kama umechelewa kuna njia ya maji baridi, mfuko umefungwa vizuri unazama kwenye ndoo, maji unabadilisha kila nusu saa. Maji baridi nasema, si vuguvugu, manake kuanzia nyuzi 5 mpaka 60 ndo bakteria wengi wanakotamba, na kwenye joto wakipata hali nzuri wapo wanaojigawa mara mbili kila dakika 20 hivi.

Halafu ukaguzi. Bonyeza tumbo, bonyeza kifua, kunja miguu ya nyuma. Hakuna kokoto? Ndo unaenda kwenye kupasha.

Kupasha ni maji ya nyuzi 40 hivi, yale ambayo mkono unaingia bila kushtuka, yasiyochemka kabisa. Panya bado yumo kwenye mfuko wake, dakika 10 mpaka 15, toa, mfute akauke kama amelowa, mpe. Panya aliye hai ana joto la nyuzi 37 hivi na hilo ndo tunaliiga. Chatu wengi wana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, kwake panya wa baridi ni kama jiwe limekaa pale, halafu mkono wako wenye joto ndo unaoonekana chakula. Mnaelewa sasa kwa nini wengine mnang'atwa siku ya kulisha na siku nyingine nyoka ni mpole? Tumia koleo refu, shika panya kiunoni, kichwa kiwe mbele. Nyoka wasio na vishimo hivyo wanafuata zaidi harufu, ila na wao usiwape wa baridi.

Maikrowevu, hapana. Nalirudia, hapana. Barafu inameza yale mawimbi kidogo sana kuliko maji, kwa hiyo pale palipoanza kuyeyuka panapata joto lote na kuchemka wakati pembeni yake bado barafu, unapata panya mmoja mwenye sehemu iliyoiva, sehemu mbichi na sehemu iliyoganda, na tumbo linaweza kupasuka humo ndani. Ile sehemu ya moto inaunguza koo la nyoka na wewe kwa nje hukuisikia. Na hicho ndo chombo unachopashia chakula cha mtoto.

Nikae kidogo hapo kwenye watoto manake hapa ndo huwa naumia. Watu wanadhani friza inaua vijidudu. Haiui salmonela, bakteria wa kuharisha, inailaza tu. Marekani mwaka 2010 waliugua watu 34 kwenye majimbo 17, ikafuatiliwa mpaka kwenye panya wa friza wa kulishia nyoka, na 2014 ikarudi tena, watu 37 kwenye majimbo 18, na kati ya waliougua walikuwemo watoto wadogo. Panya hao unawatazama wasafi, hawana harufu, na nyoka mwenyewe anaweza kuibeba salmonela mwilini asionyeshe dalili yoyote. Kwa hiyo ndoo, koleo na kontena viwe vya nyoka peke yake, viandikwe kabisa, visioshwe kwenye sinki la vyombo, na kama huna sinki lingine basi lisugue kwa sabuni kisha dawa ya klorini. Mikono, sabuni na maji, sekunde 20, kila ukishika panya hata kama ulishika mfuko tu. Mtoto wa chini ya miaka 5 asishike panya wala nyoka, akae mbali kazi hii ikifanyika.

Naona mkono pale. Eeh, anauliza si afadhali ampe panya hai tu aepuke usumbufu wote huu. Hapana ndugu yangu. Panya anayetaka kuokoa roho yake anauma, na nyoka hana kope za kufumba wala mikono ya kumsukuma. Nimeona nyoka aliyeguguniwa mgongo mpaka misuli inaonekana, kisa hakuwa na njaa usiku ule na panya aliachwa naye mpaka asubuhi.

Mwingine? Nyoka amekataa. Mi nampa kama saa mbili, taa zimezimwa, simsumbui, asipokula natoa na natupa, nimefunga mifuko miwili. Usimrudishe friza. Najua inauma kutupa, ila bakteria washaongezeka na kumgandisha tena kunawahifadhi tu wakusubiri wiki ijayo.

Wanakaa friza muda gani? Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri jipangie miezi 6. Baada ya hapo mafuta yanaanza kuharibika na vitamini E inapungua, ukiona ngozi imekauka ina mabaka meupe au mafuta yamekuwa ya njano usitumie. Andika tarehe kwenye mfuko siku unapowaweka.

La mwisho, dada hapo mbele. Umeme umekatika usiku umeamka friza imezima. Usifungue fungue, kila ukifungua baridi inatoka. Umeme ukirudi shika panya mmoja mmoja umbonyeze tumbo. Kokoto bado ipo na mwili ni wa baridi kabisa, mhamishie friji umlishe kesho. Kokoto imeisha na hujui tangu saa ngapi, huyo mtupe.