AI inaandika kodi, mi nabaki kuisoma: bili ya AI kazini kwetu

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Mnisamehe kwa mwanga, nimejifungia kwenye kachumba ka mitingi hapa kazini na nina kama dakika ishirini hivi kabla hawajaja kunitoa. Leo siongelei viza wala baridi, leo naongelea kazi, maana DM zimejaa swali lile lile, kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia mara tatu, "kaka, AI si imeshamaliza kazi zenu huko? Nisomee programming au niachane nayo?" Sasa mdogo wangu ntakujibu, ila ntazunguka kidogo, we vumilia.

Kwanza tuelewane. Nikisema kodi humu simaanishi kodi ya nyumba wala ile inayochukuliwa na serikali, namaanisha kodi za kompyuta, yale maelekezo tunayoiandikia kompyuta kila siku. Ila nawaambia hata hii ina mwenye nyumba wake.

Basi bwana, mwaka jana bosi wetu mkubwa katuma barua pepe usiku, kila developa lazima atumie AI, hakuna mjadala. Nahisi alikuwa kasoma ile memo ya Tobi Lütke, bosi wa Shopify, ile kampuni ya maduka ya mtandaoni, ile ya Aprili 2025 ambayo aliiposti mwenyewe kwenye mtandao wa X, kwamba timu ikitaka kuongezewa mtu ionyeshe kwanza kwa nini AI haiwezi kuifanya hiyo kazi, na matumizi ya AI yakaingizwa hadi kwenye tathmini za wafanyakazi. Mabosi wengi waliisoma ile kitu wakaona eeh, na sisi. Kwetu wakaweka dashibodi, majina yetu yote yamepangwa kwa tokeni ulizotumia wiki hiyo, ndo kipimo cha AI uliyoitumia, ntaeleza, anayeongoza Jumatatu anapigiwa makofi. Nisikilizeni vizuri hapo, hawakupanga kwa kazi uliyomaliza, wamepanga kwa tokeni, yaani ni sawa na kumpa zawadi dereva aliyechoma mafuta mengi bila kumuuliza kafika wapi.

Na watu wazima na akili zao wakaanza mchezo. Jamaa mmoja wa timu yetu, mtu mzuri tu, akawa akiondoka jioni anaiacha ejenti, yaani AI inayofanya kazi yenyewe hatua kwa hatua, inasoma mradi mzima faili kwa faili na kuandika maelezo ya kila fangsheni, maelezo ambayo hadi leo hajayasoma mtu, hata yeye. Akawa namba moja wiki tatu mfululizo. Tulimpigia makofi!

Sasa hizi tokeni ni nini, maana bila kuelewa hapa hutaelewa bili. Tokeni ni kipande cha neno, modeli, yaani ile AI yenyewe, inakata maandishi vipande vipande, unalipia unavyoingiza na unalipia inavyotoa, na vya kutoa ndo vya bei zaidi. Na hapa Waswahili tunapigwa kimya kimya, maana vile vikatio vimezoeshwa Kiingereza kwa wingi, neno kama "hawatatuelewa" kwetu ni moja lakini mashine inalichana vipande kadhaa, kwa hiyo sentensi ile ile ukiiandika Kiswahili mara nyingi inakula tokeni nyingi kuliko Kiingereza. Haya tuendelee.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba modeli yenyewe haikumbuki. Kila hatua mazungumzo yote yanatumwa upya toka mwanzo. Ejenti ikisoma faili arobaini, ikaendesha testi, vile vipimo vya kuangalia kama kodi inafanya kazi, ikasoma makosa, ikarekebisha, ikaendesha tena, kila mzunguko inabeba ule mzigo wote tena. Ni kama mtu anakupa habari za msiba, kila ukimuuliza swali anaanza upya toka siku marehemu alipoanza kuumwa kichwa. Kuna kache siku hizi, yaani kuhifadhi kwa muda kile kilichotumwa tayari, inapunguza gharama, kweli inapunguza, ila haiondoi.

Ndo maana bei imeshuka na bili imepanda, vyote kwa pamoja. GPT-4, modeli ya OpenAI wenye ChatGPT, ilivyotoka Machi 2023 ilikuwa dola 30 kwa tokeni milioni za kuingiza na dola 60 za kutoa. Julai 2024 ikaja GPT-4o mini kwa senti 15 na senti 60. Sio modeli ile ile, ni ndogo zaidi, lakini kwa kazi nyingi za kawaida inatosha kabisa. Ungesema basi mambo yatakuwa nafuu, kumbe kitu kikishuka bei watu wanakitumia bila huruma, kuna mchumi Mwingereza anaitwa Jevons aliliona hilo 1865 kwenye makaa ya mawe, injini zikawa hazili makaa mengi kama zamani na makaa yakazidi kuchomwa. Zamani tulikuwa tunaiuliza AI swali moja inajibu aya moja, leo tunaituma ikazunguke kwenye mradi nusu saa peke yake.

Na mwenye nyumba niliyemtaja ni huyu. Zile bei za mwanzo tulizozoea hazikuwa bei, zilikuwa ofa. GitHub Copilot, msaidizi wa AI wa kuandika kodi wa Microsoft, ilifunguliwa kwa wote Juni 2022 kwa dola 10 kwa mwezi, afu Oktoba 2023 Wall Street Journal wakaripoti kwamba miezi ya mwanzo ya mwaka ule Microsoft ilikuwa inapoteza kwa wastani zaidi ya dola 20 kwa kila mtumiaji kila mwezi, na wengine wanakula hadi dola 80. Yaani we unatoa kumi, wenzako wanaongezea ishirini ili we ufurahi. Januari 2025 Sam Altman, bosi wa OpenAI, mwenyewe kasema ile ChatGPT Pro ya dola 200 wanapata hasara nayo, watu wanaitumia kuliko walivyotegemea. Mia mbili na bado hasara! Juni mwaka huo huo Cursor, programu ya kuandikia kodi kwa AI, wakabadilisha hesabu, kutoka kuhesabu maombi kwenda kuhesabu matumizi yenyewe, watu wakashtukia wametozwa hela ambazo hawakuzitegemea, ikabidi kampuni iombe radhi Julai na kurudisha hela. Agosti Anthropic nao wakaweka limiti za wiki kwenye AI yao, Claude. Ukikaa kwenye nyumba miaka miwili hujaulizwa kodi usidhani umesahaulika.

Kwetu mwenye nyumba alibisha hodi mwezi mmoja tu baada ya ile dashibodi. Tulihamishwa kutoka laisensi ya bei moja kwenda kulipia kwa matumizi, bili ya kwanza ikameza bajeti ya robo mwaka ya vifaa vya timu yetu. Jumatatu ile hakukuwa na makofi. Dashibodi ni ile ile, majina yale yale, mpangilio ule ule, isipokuwa wale wa juu sasa wamepakwa rangi nyekundu. Jamaa yangu namba moja kaitwa ofisini kuulizwa hizi tokeni zilifanya nini. Mimi nilikuwa wa mwisho kila wiki, nikaambiwa nina nidhamu, na wiki nne kabla yake meneja huyo huyo aliniuliza kama nina tatizo na mabadiliko. Nimecheka hadi nikatoka nje.

Lakini hiyo bili ya tokeni angalau inaonekana, ina namba, unaweza kuipigia kelele. Kuna nyingine haiji kwenye karatasi.

Ijumaa moja saa kumi jioni inaniingilia PR ya kurivyu, yaani mabadiliko ya kodi ambayo lazima mwingine ayasome kabla hayajaingizwa, mistari 2,300. Kaileta kijana wetu, ndo mdogo kuliko wote kwenye timu, mtoto anajituma kweli. Zamani mistari 2,300 ilikuwa kazi ya wiki kadhaa, na mtu akiileta unakuta tumeshaijadili njiani, najua kwa nini kila kitu kipo pale kilipo. Hii imeandikwa mchana mmoja. Nimeanza kusoma, ni safi, majina mazuri, maelezo mazuri kuliko ninayoandika mimi, testi zote kijani. Nikawa nakaribia kubonyeza ndiyo, macho yashachoka, ndo nikaona faili moja la testi limebadilishwa mstari mmoja. Mmoja tu. Palikuwa pameandikwa 33.34, sasa pameandikwa 33.33.

Ile testi niliiandika mimi miaka mitatu iliyopita. Ukigawa 100 mara tatu unapata 33.33, 33.33, na ya mwisho lazima iwe 33.34, la sivyo ukijumlisha unapata 99.99 na kuna senti imepotea hewani. Mwaka ule ilipotea kwenye ankara nyingi tu, dada wa uhasibu alitukalisha kikao siku nzima kutafuta hela ambayo haipo. Sasa ejenti imeandika upya hesabu ya malipo ya awamu, testi yangu ikaikatalia, ikaambiwa ihakikishe testi zinapita, na yenyewe ikatafuta njia fupi, ikabadilisha jibu kwenye mtihani.

Nikamwita kijana, namuuliza, hii namba nani kaibadilisha? Kakaa kimya, kaangalia skrini, karudi juu kasoma tena, kasema "siyo mimi." Na kweli siyo yeye! Hapo ndo nilichoka. Jina lake lipo juu ya PR, ejenti haina jina, haiitwi uhasibu, haiamshwi usiku seva ikianguka. Anayebaki ni mtu wa mwisho kusoma, na huyo ni mimi, na hakuna dashibodi inayohesabu nilichosoma.

Kuna utafiti wa METR, taasisi inayopima uwezo wa AI, wa Julai 2025, walichukua madevelopa 16 wazoefu wa programu huria, kazi 246 kwenye miradi wanayoijua wenyewe, nyingine waruhusiwe AI nyingine wasiruhusiwe. Walipotumia AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na walipoulizwa baadaye wakasema imewaharakisha kwa asilimia 20. Msiuchukue huo mkaenda kumpigia mtu kelele, ni watu 16, ni wazoefu kwenye nyumba yao wenyewe, na ni zana za mwanzoni mwa 2025. Kinachonigusa mimi ni ile tofauti kati ya walivyohisi na saa ilivyosema, maana na mimi najihisi hivyo hivyo, vidole vinaenda mbio, jioni inafika sijui nimemaliza nini.

Na msinielewe vibaya, naitumia kila siku. Kunielezea kodi ya mtu aliyeondoka zamani, kuandika kaskripti ka kutumia mara moja na kutupa, kuingia kwenye lugha nisiyoijua, hapo ni mkombozi, sitaki kurudi nyuma.

Kilichobadilika kabisa ni ukimya. Zamani vijana walikuwa wanavuta kiti mezani kwako, "samahani, kwa nini hii iko hivi?", unamjibu, na katikati ya kujibu unagundua hata we hujui, mnaanza kutafuta wote. Sasa anaiuliza mashine, mashine haimchoki wala haimkati jicho, naelewa kwa nini anaipenda, mi wakati naanza kuna mkubwa mmoja alinijibu vibaya mara moja tu nikakaa miezi siulizi kitu. Lakini yale maswali ndo yalikuwa shule, yake na yangu.

Sasa mdogo wangu wa DM, hilo la kazi kuisha. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kupunguza watu kama 6,000 Mei na kama 9,000 Julai, na Januari mwaka huo huo walikuwa wamesema mwaka wao wa fedha wanaweka kama dola bilioni 80 kwenye data senta za AI. Mi nikiangalia hizo namba mbili pamoja sioni roboti limekaa kwenye kiti cha mtu, naona hela imehama kutoka kwenye mishahara kwenda kwenye chipu na umeme, na matokeo kwa aliyeachishwa ni yale yale. Kazi za kuanzia ndo zimebana, hilo sikufichi, sisi hapa hatujaajiri mtu mchanga toka yule kijana. Kwa hiyo kasome, ila usisome kuandika tu. Chukua mradi wa watu ulio wazi, soma kodi yao, uliza huu mstari ungetolewa nini kingevunjika, utoe uone. Hiyo ya kuandika mashine itakusaidia. Ya kujua 33.34 imetoka wapi haikusaidii, maana sababu yake haijaandikwa popote, ipo kichwani kwa dada wa uhasibu.

Eh, wananigongea. Dakika moja jamani!

Ngoja niwaonyeshe kitu kabla sijafungua, imeingia sasa hivi, kijana kaleta PR mpya. Mistari kumi na mmoja. Karudisha 33.34, na juu yake kaandika sentensi mbili kueleza ile senti moja ya awamu ya tatu inaenda wapi na nani ataitafuta ikipotea. Ina makosa mawili ya spelling, kwa hiyo najua kaandika mwenyewe. Naipitisha hii, afu nafungua mlango.