Mkono wa Kumrudisha Aliyeanguka

REHEMA: Kaka Elia, ukitaja kuwekewa mikono, wengi wetu tunawaza mgonjwa anayeombewa au mchungaji anayewekwa wakfu.

ELIA: Na yote yamo katika Matendo ya Mitume. Wale saba waliwekewa mikono na mitume, na kule Dameski Anania alimwekea Sauli mikono, akapata kuona tena. Ila leo twende Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 250.

REHEMA: Enzi za Kaisari Decius.

ELIA: Huyo huyo. Aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu, na aliyetoa akapewa hati. Wakristo wengi wakatoa. Wengine walinunua hati tu, bila kutoa sadaka yoyote. Baadaye wakaomba kurudi kanisani.

REHEMA: Wakati wenzao wako gerezani, na wengine wameshakufa! Walipokelewaje?

ELIA: Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Baadhi ya makasisi waliwakaribisha Meza ya Bwana papo hapo. Askofu Cyprian akakataa katakata. Kwake, mtu afanye toba, aungame, kisha askofu na makasisi wamwekee mkono. Ndipo ashiriki.

REHEMA: Hapo namwona mgumu, nisifiche. Yeye mwenyewe alikuwa mafichoni.

ELIA: Na alisemwa kwa hilo, hata Roma. Lakini sikia alichofanya kiangazi kilipoingia na magonjwa yake. Aliwaandikia makasisi wake kutoka huko huko mafichoni: walioanguka, wenye barua walizoandikiwa na wafia dini kabla hawajafa ili kuwatetea, wakizidiwa na ugonjwa wasinisubiri mimi. Waungame mbele ya kasisi yeyote aliyepo. Kasisi asipopatikana na mauti yanakaribia, hata mbele ya shemasi. Wawekewe mkono, waende kwa Bwana wakiwa na amani.

REHEMA: Shemasi! Hilo limenigusa. Ina maana hakuona mkono ule kama cheo cha kulindwa, aliona mtu anayekata roho bila kupatanishwa na ndugu zake.

ELIA: Ndiyo maana naumia tukiuacha mkono huu. Kwetu mtu akirudi kundini husimamishwa mbele, jina lake likasomwa, na katika makanisa mengine basi, imeisha. Hakuna aliyemgusa.

REHEMA: Na Paulo anamwambia Timotheo, "Usimwekee mtu mikono kwa haraka." Wapo wanaosoma hapo kwamba ni waliotubu, si wachungaji.

ELIA: Mimi naegemea kwenye uchungaji, maana aya za juu yake zinazungumzia wazee wa kanisa. Ila usomaji huo si wa kubeza.

REHEMA: Je, mtu akianguka tena, anawekewa tena?

ELIA: Augustino, naye Mwafrika wa Kaskazini, aliandika takriban mwaka 400 kwamba ubatizo haurudiwi, lakini mkono huo unaweza kurudiwa. Akauliza: ni nini kingine, kama si sala juu ya mtu?

REHEMA: Wiki ijayo basi tuingie kwenye mvutano wa Cyprian na Stefano, askofu wa Roma. Huo nao ulihusu mkono huu huu.