Nsambya na Wenye Nyumba Wake Watatu

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, bassebo ne bannyabo, hamjambo.

Nilipoombwa nizungumzie mtaa mmoja wa Kampala, wenzangu walidhani nitachukua Kisenyi, kwa sababu huko Kiswahili kinasikika tangu gereji hadi msikitini. Wengine walinipendekezea Kololo, nadhani kwa hamu ya kusikia habari za matajiri. Nimechagua Nsambya. Iko kilomita tatu hivi kusini mashariki mwa katikati ya jiji, katika Tarafa ya Makindye. Kaskazini imepakana na jiji lenyewe, mashariki na Kibuli, magharibi na Katwe, na ukiendelea na Barabara ya Ggaba unatokea Kabalagala, ambako sina haja ya kuwaeleza kunafanyika nini usiku. Wengi wenu mliokuja na taksi za Ggaba mmeipita Nsambya leo hii bila kuitazama, kwa sababu ya foleni.

Dai langu ni hili. Nsambya ilijengwa na waajiri. Wenye nyumba watatu, yaani Kanisa, Reli na Polisi, kila mmoja alijikatia kipande cha kilima, akaweka majengo yake, kengele yake na lugha yake. Ukitaka kujua kwa nini Kiswahili hapa Uganda ni lugha rasmi kwenye Katiba lakini nyumbani kinapokelewa kama mgeni aliyekuja bila kupiga hodi, nenda ukaziangalie hizo nyumba, au mahali zilipokuwa.

Kanisa ndilo lililotangulia. Mnakumbuka kwamba mwaka 1892 Waganda walipigana Mengo, makao ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Wakatoliki upande mmoja na Waprotestanti upande mwingine, na kwamba makundi hayo yaliitwa Bafransa na Bangereza. Mapadre wa Rubaga, kilima cha misheni ya kwanza ya Kikatoliki, walikuwa Wafaransa, kwa hiyo mtu akibatizwa Ukatoliki alihesabiwa ni mtu wa Ufaransa, na nchi ilikuwa inaingia mikononi mwa Uingereza. Ilibidi wapatikane Wakatoliki ambao ni raia wa Uingereza. Ndipo wakaletwa mapadre wa Mill Hill, kutoka London, waliofika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya. Barabara ya Hanlon ipo hadi leo, ingawa waendesha boda wengi wanaoipita kila siku wakiulizwa Hanlon ni nani watakuambia labda alikuwa mkandarasi.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulipogawa ardhi kwa maili za mraba, misheni zilitengewa 92. Ndiyo maana hata sasa ukipanda juu ya kilima unakuta nafasi, miti, nyasi zilizofyekwa, na majengo yasiyosukumana: Kanisa la Mtakatifu Petro, shule za Mtakatifu Yosefu, makao ya watoto wachanga, nyumba za masista, hospitali. Kampala ina watu zaidi ya milioni moja na laki saba kwa sensa ya 2024, na nafasi ya namna ile siku hizi unaipata kwa wenye fedha nyingi au kwa wenye hati za 1900.

Hospitali inahitaji dakika zake. Januari 1903 walifika masista Wafransisko, miongoni mwao Teresa Kearney, msichana wa Ireland ambaye jina lake la utawa lilikuwa Kevin. Walianza kutibu watu chini ya mwembe. Waganda wakamwita Mama Kevina, na jina hilo likatoka kwake likaenda kwa kazi yake: kuna sehemu nyingi Uganda ambapo kevina maana yake ni hospitali ya misheni tu, na anayeitumia hajui kwamba anamtaja mtu. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alifariki Marekani mwaka 1957, mwili ukaletwa nyumbani ukazikwa Nkokonjeru. Nasema nyumbani makusudi. Leo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Nsambya ni hospitali kubwa yenye madaktari bingwa na bili zake, na kuhusu bili hizo kila mmoja hapa ana la kwake, mimi nanyamaza.

Lugha ya mwenye nyumba huyu ilikuwa Luganda. Misa ilikuwa ya Kilatini, lakini katekisimu, nyimbo na maungamo vilikuwa vya Luganda. Kiswahili kilishafika Buganda kufikia enzi za Kabaka Muteesa wa Kwanza kupitia wafanyabiashara wa pwani, na wamisionari wenyewe waliingia nchini wakikitumia. Wakakiacha. Askofu Tucker wa Waanglikana hakuficha sababu: alikiona kimekaribiana mno na Uislamu. Wakatoliki hawakupiga kelele kama yeye, ila nao vitabu vyao vya kilimani vilikuwa vya Luganda. Kwa hiyo kileleni mwa Nsambya Kiswahili hakikupata hata chumba.

Sasa tushuke kwenda bondeni, upande wa stesheni. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mizigo ya Kampala ilivushwa ziwani kwa meli. Njia ya moja kwa moja, kupitia Tororo na Jinja, ilifika Kampala mwaka 1931. Reli haiji peke yake. Inakuja na madereva, mafundi wa karakana, wapiga rangi, makarani, walinzi wa mageti, na wote hao lazima walale mahali. Wakajengewa kota Nsambya, nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, na ukubwa wake ulifuata cheo. Mgeni akitembea mstari kwa mstari alijua nani anamwamkia nani.

Na walikuwa watu wa wapi? Waluo, Waluhya, Wateso, Wasamia, Wajopadhola, Waacholi, Wahindi na Wagoa wa ofisini. Kuanzia 1948 mwajiri alikuwa mmoja kwa nchi tatu, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Fundi angeweza kuamka Tabora, akahamishiwa Nakuru, akastaafia Kampala. Huyo mtu utamsemesha Luganda? Lugha ya kazi ya mikono ilikuwa Kiswahili, na jioni ilipanda naye hadi kota. Wazee wa Nsambya wanaowakumbuka majirani wale watakuambia kwamba watoto walicheza kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na mama aliyetoka Busia akaazima chumvi kwa mama aliyetoka Gulu kwa lugha hiyohiyo. Hakuna waziri aliyewaagiza. Nadhani hii ndiyo sera bora ya Kiswahili iliyowahi kutekelezwa Kampala, na haikuandikwa popote.

Tazameni ilivyobomoka. Mwishoni mwa 1970 serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000, na kota zikapungukiwa na watu kwa wiki chache. Mwaka 1972 Amin akawafukuza Waasia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli likakatwa vipande vitatu, na fundi wa Nsambya hakuhamishiwa tena Tabora wala Nakuru. Treni zikapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25, mkataba haukumaliza hata nusu ya muda wake, shirika la umma likarudishiwa mabehewa. Katikati ya hayo yote ardhi ya reli pale Nsambya na Kibuli ikagawiwa wawekezaji, na kota zikavunjwa. Waliokuwa wakiishi humo wakatawanyika, wengine vijijini kwao, wengine kwenye mizigo ya Katwe na Kibuye, yaani vile vyumba kimoja kimoja vya kupanga ambavyo mnavijua, mlango mmoja na pazia. Jirani wa mtu huyo sasa ni Muganda, mwenye nyumba ni Muganda, mtoto anajifunza Luganda kwa wiki tatu. Kiswahili hakikushindwa kwa hoja, kilihamishwa pamoja na vyombo vya ndani.

Mwenye nyumba wa tatu bado yupo. Kambi ya polisi ya Nsambya ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini. Jeshi la polisi lilirithi tabia ya kikoloni ya kumpeleka askari mbali na kwao, na lilirithi Kiswahili kutoka King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902. Baba ni wa kabila la Lango, mama Mkaramojong, mtoto kazaliwa Nsambya: nyumbani wanasema nini? Ndani ya kambi hiyo kuna vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo watu wamevipa jina mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi na usipoinama utaumia. Familia nzima ndani ya kibanda kimoja cha bati, jua la Januari juu yake. Serikali imekuwa ikijenga maghorofa kuviondoa, na mimi sitavikumbuka kwa mapenzi, hata kama jina lake ni Kiswahili safi kuliko mabango mengi ya wizara.

Hapa niseme jambo ambalo walimu wa Kiswahili hatupendi kulisema. Kwa mkazi wa Kampala aliyezaliwa nje ya ua ule, sauti ya kwanza ya Kiswahili maishani mwake huenda ilikuwa amri. Miaka ya 1980 kulikuwa na misako iliyoitwa panda gari: askari wanauzingira mtaa, wanaume wanapakiwa kwenye malori, na baadhi hawakurudi. Maneno mawili tu, na ni sahihi kisarufi. Mama aliyesikia maneno hayo uani kwake mwaka 1983 huwezi kumwambia leo kwamba ni lugha tamu ya Waafrika wote akakubali kwa sababu umekwenda na kitabu chenye picha. Tusimlaumu, na tusimwite mkabila. Kiswahili cha kota alikuwa hakijui, kwa sababu kota zilikuwa na ua.

Sasa linganisheni na karatasi. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili, itumike kwa namna ambayo Bunge litaelekeza kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mara tatu kimepewa cheo, na mara zote tatu hakikupewa kota. Reli ilifanya kinyume: ilitoa nyumba na mshahara, cheo ikasahau.

Nsambya ya leo je? Kwenye Barabara ya Ggaba kuna Ubalozi wa Marekani nyuma ya ukuta wake, umekaa hapo tangu 2001, na umbali si mkubwa kuna mafundi seremala wanaopanga vitanda na makochi kando ya barabara, vumbi la mbao likiingia machoni mwa wapita njia. Upande wa jiji barabara za juu za Mnara wa Saa zimejengwa kwa mkopo wa Japani, na foleni imepata mahali papya pa kusimama. Kwa mafundi hao wa vitanda nimesikia kitu kinachonivutia kuliko majengo yote: Kiswahili cha Kivu. Wakimbizi wa Kongo wamepanga Nsambya, Katwe na Makindye kwa wingi. Akina mama wanatembeza vitenge na shanga mlango kwa mlango. Wanasema “niko natafuta”, wanasema “apana”, na baadhi yenu hapa mngewakata alama kwa wino mwekundu. Jumapili wanasali kwa Kiswahili katika makanisa yao, wakiimba kwa spika kubwa, mita mia chache kutoka kilima ambacho kilikikataa.

Hawa hawana kota. Wanaishi ndani ya mizigo ileile, ukuta kwa ukuta na Waganda, na muuza rolekisi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, wa kona ameshajifunza kuhesabu kwa lugha yao ili asipoteze wateja. Mwenye nyumba anayetaka kodi yake naye amejifunza. Ukinipa wanafunzi wa utafiti, nitawapeleka pale kabla ya kuwapeleka maktaba, na nitawaomba waache kalamu nyekundu nyumbani.

Na kuna jambo linakuja. Oktoba 2024 serikali ilitia saini na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala. Itahitaji madereva, mafundi, watu wa ishara, na wenzao watakuwa upande wa pili wa mpaka wa Kenya. Wataongea lugha gani, na watalala wapi? Swali la kwanza wizara inalipenda. La pili ningependa tulijadili sasa, na namwona mzee aliyefanya kazi karakana amenyoosha mkono tangu nilipotaja kota. Mzee, shikamoo, karibu kipaza sauti.