Tazama Swichi Inavyojifunza Anwani za MAC

Karibuni, watazamaji. Leo tutalitazama jedwali la anwani za MAC (namba za utambulisho za vifaa vya mtandao) likijijaza lenyewe ndani ya swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta katika mtandao, aina ya Cisco Catalyst 2960, ambayo tumeiunganisha na kompyuta mbili, moja kwenye poti Fa0/1 na nyingine kwenye Fa0/2.

Kwanza, ingieni kwenye swichi kwa kebo ya konsoli (ya kuisimamia swichi moja kwa moja), andikeni enable ili mpate ruhusa za msimamizi, kisha futeni kumbukumbu za awali kwa amri clear mac address-table dynamic. Msistaajabu anwani zikirudi kabla hamjafanya lolote, kwani kompyuta za Windows hutuma ujumbe mtandaoni hata zikiwa hazitumiwi.

Sasa tumeni ping, ujumbe mfupi wa kupima mawasiliano, kutoka kompyuta ya kwanza kwenda ya pili. Ikiwa haijui anwani ya MAC ya mwenzake, itatanguliza ombi la ARP (swali la kuuliza anwani ya MAC ya mwenye anwani fulani ya IP) linaloelekezwa kwa wote, yaani FFFF.FFFF.FFFF, na swichi ikilipokea itaiandika anwani ya mtumaji pamoja na poti na VLAN yake (kundi la poti linalofanya kazi kama mtandao wa peke yake), kisha itaisambaza fremu hiyo, yaani kifungu hicho cha data, kwenye poti zote za VLAN hiyo isipokuwa ile iliyoingilia. Hapa ndipo wengi wanapojichanganya: swichi hujifunza kutokana na anwani ya mtumaji peke yake, na ile ya mpokeaji huitumia kutafuta poti ya kutolea fremu. Ndiyo maana printa iliyonyamaza muda mrefu huwa haimo katika jedwali, ingawa kebo imechomekwa na taa inawaka, na fremu zinazoielekea husambazwa kote hadi itakapojibu.

Andikeni show mac address-table dynamic. Kila kompyuta ina mstari wake, wenye tarakimu 12 za heksadesimali zilizotengwa kwa nukta katika mafungu matatu, na mwishoni jina la poti.

Chomoeni kebo ya Fa0/2, kisha rudieni amri hiyo: mstari wake umetoweka papo hapo, kwa sababu poti imezimika. Ichomekeni kwenye Fa0/7, na fremu ya kwanza itakayopita hapo itauandika upya. Kifaa ambacho kebo yake haijachomolewa lakini kimenyamaza hufutwa baada ya sekunde 300, na kila fremu kinayotuma huanzisha hesabu hiyo upya. Muda huo hubadilishwa kwa mac address-table aging-time, ila katika ofisi ya kawaida sioni sababu ya kuugusa. Kuuweka 0 huzuia ufutaji kabisa, na anwani za vifaa vilivyoondoka nyuma ya swichi nyingine zitabaki humo.

Mwisho, konsoli ikitoa taarifa ya MACFLAP_NOTIF, kwamba anwani moja inarukaruka kati ya Fa0/3 na Fa0/5, msikimbilie kufuta jedwali. Huenda ni kompyuta mpakato inayohama kutoka kituo kimoja cha Wi-Fi hadi kingine. Lakini taarifa zikimiminika kwa anwani nyingi kwa pamoja, fuateni kebo za poti hizo mbili hadi zinapoishia, kwa kuwa mara nyingi zote zimechomekwa kwenye swichi moja ndogo iliyofichwa chini ya meza, na fremu zinazunguka kati ya swichi hizo mbili.